Naomba ushauri: kurudisha kura kwa barua pepe kutoka Djibouti

Wakuu, salaam. Swali linahusu wapiga kura wa Marekani walioko Camp Lemonnier, kambi ya jeshi la Marekani hapa Djibouti, waliosajiliwa jimbo la Massachusetts. Jimbo hilo linapokea kura ya ng'ambo kwa barua pepe au faksi. Wa Pennsylvania wao lazima watumie posta, kwa hiyo hawamo hapa.

Kuipata karatasi ya kura si tatizo: sheria ya MOVE ya 2009, ya wapiga kura wanajeshi na walioko ng'ambo, inataka itumwe siku 45 kabla ya uchaguzi wa shirikisho. Kazi iko kwenye kuirudisha. Faili inapaswa kubeba karatasi ya kura pamoja na kiapo chenye saini na tamko la kukubali kwamba kura haitakuwa siri, maana karani wa uchaguzi ataiona. Tamko ndilo husahaulika. Kwenye picha za simu, kivuli huangukia saini au ukingo hukatwa, na karani hawezi kulinganisha saini asiyoiona. Faili nzito nayo hukataliwa na seva, na mpiga kura asiyefungua kikasha chake hajui.

Naomba mnisaidie haya. Skani nyeusi na nyeupe ya dpi 200 inatosha kwa saini ya kalamu ya bluu? Karani asipojibu, mpiga kura apige simu kwanza au atume pia kwa faksi, na nakala mbili zikifika inahesabiwa ipi?

Najua CISA (wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani) na FBI waliiweka njia hii ya kurudisha kura kielektroniki kwenye hatari kubwa mwaka 2020. Posta inapochelewa, askari hana nyingine zaidi ya barua pepe au faksi.