Tupeane uzoefu: ulishawahi kukaidi amri ya bosi kwa ajili ya watu? Ikaishaje?

Wakuu nianze mwenyewe. Aprili 2019, kile kimbunga Kenneth, nilikuwa mlinzi wa godauni moja hapa Mtwara mjini. Imeshatangazwa watu wa mabondeni wahame, maduka yamefungwa, bosi kanipigia simu toka Dar ananiambia usimfungulie mtu geti humo mna mali za watu. Sawa bosi. Mchana akaja mama ana watoto watatu, mdogo kambeba mgongoni, mkononi kashika sufuria ndani kaweka vyeti vya kuzaliwa kwenye mfuko wa nailoni, ananiuliza kaka hapa si ukuta wa tofali? Nikaliangalia lile sufuria weee, nikafungua. Hadi jioni walifika kama 40, wamejazana juu ya maturubai. Asa kimbunga chenyewe kikaenda kupiga Msumbiji! Watoto wamekojolea magunia mawili na mi nikakatwa nusu mshahara. Washkaji wananicheka mpaka leo.

karani mstaafu
Hukukosea njomba, wakati unafungua geti hukujua kitapiga wapi, hata waliotangaza watu wahame hawakujua.
Mi nilikuwa karani wa mizani chama cha msingi, ule ushirika wa wakulima wa korosho, wilaya siitaji. Tukaambiwa kila mkulima tumkate kilo moja, eti unyaufu, korosho zikikauka uzito unapungua. Akaja bibi mmoja na kiroba chake cha korosho kakifunga na kipande cha khanga, mizani inasoma 23, nikaandika 23. Katibu kanikanyaga mguu chini ya meza, nikajifanya sijasikia kitu. Bibi kaikunja risiti kaifunga kwenye pindo, kaondoka zake wala hajui kilichotokea. Msimu uliofuata sikuitwa, saizi nipo kwenye boda.

mwana wa Nachingwea
Msijisifu sana. Hata wa kangomba, yule anayenunua korosho kimagendo kabla ya mnada, anayezunguka usiku na kibaba chake, anasema anawasaidia wakulima wenye shida, na yeye si anakaidi sheria? Mzee wangu aliuziana nao kipindi cha njaa, mnada unafunguliwa hana hata kiroba.

Mmatumbi
Huku Kilwa ukitaja ukaidi utapelekwa Nandete, 1905, wazee walivyong'oa pamba waliyolazimishwa kulima na Mjerumani. Kinjikitile, mganga aliyegawa yale maji ya dawa, alinyongwa mapema tu, vita ya Maji Maji ikaenda mpaka 1907 na njaa ikaja kumaliza watu vibaya mno. Babu alikuwa akitusimulia hasemi kama walifanya vizuri au vibaya, anasema tu ile pamba haikuwa yao.

mleta mada
Wa Nachingwea umenibana aisee, nimekaa nikafikiria. Ila mi niliyefungua geti nilikatwa mshahara, karani kakosa kazi, wa kangomba yeye kaondoka na gunia. Mi naona tuanzie hapo.
Yule mama siku hizi anauza samaki feri, kila nikipita ananiongezea fungu, ile siku hatujawahi kuiongelea.
Wa hospitali na walimu mbona kimya, shusheni visa.