FL Studio Mobile, GarageBand, BandLab au Koala: programu ipi ya kutungia muziki inamfaa mpiga kinanda asiyekaa nyumbani?

Kinanda_Kisauni

Salaam wadau. Mimi napiga kinanda kwenye bendi ya harusi, makao Kisauni. Msimu kama huu maisha ni basini: leo Malindi, kesho Lamu, halafu Lunga Lunga kuvuka kwenda Tanga. Nyimbo hunijia njiani, na nikifika nyumbani zishayeyuka. Nataka kitu cha kutungia huko huko: biti, besi, kinanda, na sauti ya kukumbukia tu. Kurekodi kwenyewe tutafanya kwa rafiki yangu mwenye studio, naye anatumia FL Studio kwenye kompyuta ya Windows.

Nina simu ya Android, RAM ya GB 6, tundu la hedifoni lipo. Mfukoni kuna elfu 25. Ninunue iPad ya mkono wa pili kwa ajili ya GarageBand ya Apple, au nibaki na simu ninunue programu? Na tafadhali msiniambie nibebe kinanda changu ndani ya gari. Kile kina boti yake ya kukodi.

Biti_za_Majengo

Umejijibu mwenyewe hapo kwa mwenye studio. Nunua FL Studio Mobile, uiweke kwenye simu hiyo hiyo. Unalipa mara moja, hakuna ada ya mwezi, na ikishaingia haikuombi mtandao ndipo ufanye kazi. FL Studio ya kompyuta inaweza kuifungua FL Studio Mobile ndani yake, kwa hivyo rafiki yako ataipata kazi yako kama ulivyoiacha, ala kwa ala, abadilishe anachotaka. Akikataa njia hiyo, mtolee MIDI, yaani faili la noti tu, bila sauti yenyewe. Faili la MIDI ni kilobaiti chache, hata bando la shilingi 20 linalifikisha na chenji inabaki.

Ubaya wake: kwenye skrini ya simu vitufe vya piano ni vyembamba. Mimi sipigi pale, naandika noti moja moja kwenye gridi. Tena ukinunua ya Android, siku ukihamia iPad unalipa upya. Maduka mawili hayo, hayajuani.

UmmuZ

Waaleikum salaam kaka. Mimi nasema iPad. Wewe ni mpiga kinanda, mikono yako ndiyo inayotunga. Ukimwambia mpiga kinanda aandike noti moja moja kwa kidole cha shahada, wimbo utamkimbia kabla hajamaliza baa (fungu la mapigo) ya pili. Skrini ya iPad ina nafasi ya mikono miwili, na GarageBand ni bure. Mimi hufanyia kazi kwenye treni, Miritini hadi Nairobi, ile safari ya saa tano sita. Meza iko mbele yako, dirishani ni Tsavo, hakuna anayekusumbua isipokuwa muuza chai.

Halafu kuna mdundo. Chakacha na ngoma zetu nyingi zaenda kwa 6/8, yaani mapigo sita mafupi katika kila baa. Kwenye mipangilio ya wimbo unabadilisha 4/4 kuwa 6/8 kabla hujaanza, na metronomu inakuhesabia inavyotakiwa.

Ila uwe macho na jambo moja. Wimbo mpya wa GarageBand kwenye iPad huja na sehemu ya baa 8 tu. Ukifika mwisho unarudishwa mwanzo, na watu hudhani programu imeharibika. Bonyeza alama ya + kule kulia juu ya traki, chagua hiyo sehemu, weka urefu uwe otomatiki. Baada ya hapo piga mpaka uchoke.

Na kama mtu anadhani tableti ni mchezo wa watoto, Damon Albarn wa bendi ya Gorillaz alitengeneza albamu nzima, sehemu kubwa kwenye iPad, akiwa katika ziara ya Amerika Kaskazini mwaka 2010. Hiyo iPad yenyewe ilikuwa haijatimiza mwaka tangu itoke.

Biti_za_Majengo

Albarn alikuwa na basi la ziara, dada. Huyu anapanda gari pale Mwembe Tayari na gunia la mtu limemkalia miguuni. Aiweke wapi hiyo iPad?

UmmuZ

Magotini. Juu ya gunia.

Fundi_Mtopanga

Kazi yangu ni simu na tableti, kwa hivyo nisikilizeni kidogo kabla hamjammalizia pesa zake.

iPad ya mkono wa pili kwa elfu 25 huwezi kuikosa, lakini usilipe mpaka umeona ikifutwa na kuanza upya mbele ya macho yako. Ikikuomba akaunti ya Apple (Apple ID) ya mtu usiyemjua, ondoka. Hicho ni kioo cha kujitazamia, hakifunguki. Pili, GarageBand ya sasa haiingii kwenye mfumo wa zamani. Akaunti ambayo haijawahi kuichukua programu hiyo mara nyingi haipewi toleo la nyuma, kwa hivyo ishushe pale pale dukani, ukiona imefunguka ndipo uzungumze bei. Tatu, tundu. iPad ya kawaida ya kizazi cha 9, ile ya 2021, ndiyo ya mwisho kuwa na tundu la hedifoni. Ya 2022 haina, utahitaji kipande cha USB-C.

Tundu nalisisitiza kwa sababu ya Bluetooth. Hizi hedifoni zisizo na waya huchelewesha sauti, nyingi kati ya milisekunde 150 na 250. Kusikiliza wimbo huwezi kujua. Kupiga ndio balaa: kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, kwa hivyo unabonyeza kitufe na sauti inakujia pigo likiwa karibu nusu lishapita. Waya wa shilingi mia tatu unashinda hedifoni ya elfu nane hapo.

Android nazo zina uchelewaji wao wa ndani, hata ukichomeka waya. Tangu Android 8, mwaka 2017, Google waliweka njia ya haraka zaidi ya sauti, lakini simu na simu. Kabla hujanunua FL, shusha programu yoyote ya bure yenye ngoma, chomeka waya, gonga kwa vidole viwili kwa kasi. Ukisikia mlio unakufuata nyuma, simu hiyo ni ya kuandika noti, si ya kupiga.

Kinanda_Kisauni

Fundi, ahsante sana, hilo la Bluetooth lingenila pesa. Nimejaribu sasa hivi kwa waya: inafuata kidogo, lakini navumilia. Biti, hiyo 6/8 kwenye FL inakuwaje? Maana nikianza na gridi ya nne-nne chakacha inageuka gwaride la polisi.

Biti_za_Majengo

Haha. Usipigane na 4/4. Iache, lakini kwenye gridi ya noti gawanya kila pigo mara tatu badala ya nne. Mapigo manne yenye tatu tatu ndiyo 12/8, sikio halisomi kilichoandikwa juu. Kisha zile ngoma za mkono usizinyooshe kwenye mstari, zisogeze kidogo nyuma au mbele, hapo ndipo kiuno kinapoelewa.

Nahodha_wa_Sauti

Mnazozana kuhusu jeshi zima na huyu anataka daftari. Koala Sampler jamani. Iko Android, iko iPhone na iPad, bei yake ndogo, na haihitaji mtandao. Unashikilia pedi, yaani kimojawapo cha vile viboksi kwenye skrini, maikrofoni ya simu inarekodi, unaachia, sauti ishakaa kwenye pedi. Nafasi ziko 64.

Nikupe mfano. Jioni pale Mji wa Kale muuza kahawa anapita na dele lake, anagonga vikombe mkononi: *cha-cha, cha*. Nikamwomba agonge karibu na simu. Nikakata kile cha kwanza peke yake, nikaishusha sauti yake iwe nene, kikawa kama kigoma kidogo cha chuma. Cha pili nikakiacha kama kilivyo. Nikazima ule unyooshaji wa mdundo, nikapiga kwa vidole. Kabla kahawa haijapoa nina mdundo ambao hauko kwenye maktaba ya mtu yeyote. Kwa besi unaimba "dum" kwenye maiki na kuipiga kwa noti tofauti. Wimbo ukikujia Garsen ukishafika Witu umeushika.

Siyo ya kumalizia wimbo, nakubali. Ni ya kuunasa.

Vuka_Horohoro

Mbona BandLab haina wakili? Kuanza nayo ni bure, Android na iPhone, hata kwenye kivinjari cha kompyuta. Sisi tuko watatu, mmoja Mombasa, mmoja Tanga, mmoja Nairobi, wote tunaingia kwenye wimbo mmoja na kila mtu anaongeza lake. Nikipoteza simu, kazi iko salama mtandaoni.

Fundi_Mtopanga

Salama mtandaoni ndio, lakini yeye anaenda Lamu. WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ya stereo ya kiwango cha CD ni kama megabaiti 10 kwa dakika. Traki nne za sauti za dakika nne nne ni MB 160 za kupandisha. Mjini sawa. Kwa ile barabara ambapo mtandao unakuja na kuondoka, itabaki inazunguka mpaka betri ikate. BandLab naipenda kwa mtu mwenye Wi-Fi nyumbani na wenzake walio mbali.

UmmuZ

Na huo uimbaji wenu wa basini uacheni. Rekodi sauti ukifika gesti. Zima feni, funga dirisha, ingia nusu mwili kwenye kabati la nguo au jitande blanketi, ustahimili joto kwa wimbo mmoja. Weka simu kwenye hali ya ndege pia. Mimi nina wimbo mzuri kweli ambao ubeti wa pili una mlio wa M-Pesa, na pesa zenyewe zilikuwa mia mbili.

Kinanda_Kisauni

Nimecheka. Basi nimeamua: FL Studio Mobile kwa simu hii, kwa sababu ya mwenye studio, na Koala ya kunasia. Chenji itakayobaki, je, nikichukua kibodi ndogo ya MIDI ya vitufe 25, simu itaiendesha?

Fundi_Mtopanga

Itaiendesha ukiwa na kipande cha OTG, kile cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, na kibodi iwe ya kutumia USB bila programu ya ziada (dereva) ya kuweka. Lakini umeme wake inaunyonya kwenye simu, na simu yenye tundu moja la USB-C huwezi kuchaji na kupiga kwa pamoja, ila ununue kile kipande chenye njia mbili. Nenda na simu yako dukani, chomeka, gonga kitufe. Taa za kibodi zikiwaka na kuzima zima, umeme hautoshi, jaribu nyingine.

UmmuZ

Bado nasema iPad.

Kinanda_Kisauni

Dada, harusi za Disemba zikilipa kwa wakati, nakuja tuitafute pamoja.