Kantata ya Bach kuhusu wanawali kumi: kwaya ya usharika iianzie wapi?

Muulizaji, Ubungo

Bwana Yesu asifiwe, ndugu wanamuziki. Kwaya yetu ina waimbaji 34, na karibu wote husoma solfa (do, re, mi) tu. Tumekusudia kuimba kantata (utunzi wa sehemu kadhaa kwa kwaya, waimbaji pekee na vyombo) ya Johann Sebastian Bach, namba 140 katika orodha ya kazi zake (BWV 140), *Wachet auf*, yaani “Amkeni”, Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kwa kuwa imejengwa juu ya mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25. Vyombo tulivyo navyo ni fidla tatu, sello moja, kinanda cha umeme na vijana wa matarumbeta. Je, tunaweza kuiimba bila kuiharibu, na tuiimbe kwa Kijerumani au kwa Kiswahili?

Mwalimu wa kwaya, Kinondoni

Mnaweza, ila msianzie mwanzo. Kantata hii ina sehemu saba na huchukua karibu nusu saa, lakini inasimama juu ya nguzo tatu, yaani sehemu ya kwanza, ya nne na ya saba, ambazo hubeba beti tatu za wimbo mmoja wa Mchungaji Philipp Nicolai, uliochapishwa mwaka 1599 baada ya tauni kuua watu wengi katika mji wake wa Unna, Ujerumani. Anzeni na sehemu ya saba, ambayo ni wimbo wenyewe kwa sauti nne, na kila mwanakwaya, hata wa besi, aijue tuni bila karatasi: do mi so, so so so la so.

Kisha nendeni kwenye sehemu ya nne. Hapo waimbaji wa tena (sauti ya juu ya wanaume) peke yao huimba ubeti, huku fidla na viola (fidla kubwa kidogo) zikipiga kwa pamoja tuni nyingine kabisa, tamu kiasi kwamba mwimbaji husahau ya kwake. Tena wangu walipotea kila fidla zilipoingia, hadi nilipowatembeza polepole ukumbini, hatua moja kwa kila pigo, wakiimba bila kumtazama mtu.

Sehemu ya kwanza iwe ya mwisho kufundishwa. Soprano hushika wimbo kwa noti ndefu, na chini yao sauti tatu hukimbizana kama watu walioamshwa usiku wa manane, wakiuliza wanawali wako wapi. Mstari unaomtaja mlinzi aliye juu ya ukuta hupanda hadi mi ya juu, kwa hiyo soprano wasichoshwe mapema. Kama hamna waimbaji pekee walio tayari, sehemu nyingine nne ziacheni bila kuona haya.

Mpiga kinanda, Upanga

Naongeza kuhusu vyombo, Mwalimu. Bach aliweka pembe moja iambatane na soprano, hivyo kijana mmoja wa tarumbeta, akipuliza kwa upole, anaweza kushika kazi hiyo. Mwanzo kabisa wa sehemu ya kwanza, fidla na oboe (chombo cha kupuliza cha mbao) hujibizana kwa mwendo wa kurukaruka. Mkivichanganya vyote kwenye sauti moja ya kinanda, mazungumzo hayo yanakufa. Fidla zibaki na sehemu yake, na kinanda kipige ya oboe. Pia fidla ndizo zifuate kinanda, wala si kinyume, na zikaguliwe tena kabla tu ya kuanza, maana joto na unyevu wa jiji letu huvuruga sauti ya nyuzi.

Mwimbaji wa besi, Temeke

Mimi nasema tafsirini, kwa sababu Bach aliwaandikia watu walioelewa kila neno walipoisikia Leipzig tarehe 25 Novemba 1731. Hata hivyo, tafsiri ipimwe kwa kuimbwa. Neno la kwanza linalokuja akilini ni “Amkeni”, na mkazo wake, “ke”, unaangukia vizuri kwenye so, lakini silabi ya “m” inabaki kwenye mi, na mdomo uliofumbwa hauwezi kubeba noti ndefu ya soprano. Tafuteni neno lenye irabu iliyo wazi hapo.

Muulizaji, Ubungo

Asanteni sana, walimu wangu. Jana tuliijaribu “Amkeni” kwa soprano wanane, na kweli sauti ilizimika kwenye noti ya pili. Sehemu ya saba tutaifundisha kuanzia Alhamisi, na sehemu ya kwanza tutaiimba kwa Kijerumani mpaka tupate neno linalofaa.