Mashine ya kukaushia nguo inatangaza kwamba nguo zimekauka wakati bado mbichi, na lawama anabebeshwa mtumiaji

Wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na ninamwomba yeyote anayetaka kunijibu kwamba nisome kijitabu cha maelekezo avute subira, kwa sababu kijitabu hicho nimekisoma chote na ndicho kilichonizidishia hasira.

Lalamiko langu ni kwamba mashine ninayoitumia nyumbani, ya aina inayojipangia muda yenyewe, hupiga kengele na kuandika kwenye kioo chake kwamba kazi imekwisha, ilhali viuno vya suruali, mifuko ya jinzi na sehemu ya katikati ya shuka bado ni maji matupu. Nilipowaandikia watengenezaji, nilijibiwa kwa lugha laini kwamba huenda ninajaza nguo kupita kiasi au ninachanganya vitambaa visivyofanana. Mashine ndiyo iliyotangaza jambo lisilo kweli, lakini anayehojiwa ni mimi.

Tatizo linaanzia kwenye namna mashine inavyopima unyevu. Ndani ya pipa, mara nyingi karibu na mlango, kuna vipande viwili vya chuma. Nguo mbichi inapovigusa vyote kwa pamoja, umeme mdogo sana hupita kwenye maji yaliyomo katika kitambaa. Nguo inapokauka, umeme huo hukatika, na mashine hukata shauri kwamba imemaliza. Maana yake ni kwamba kinachopimwa ni ngozi ya nje tu ya nguo zilizobahatika kuvigusa vipande hivyo. Shuka linapojiviringisha na kumeza soksi, foronya na nguo za watoto, tabaka la juu hukauka, likagusa chuma, na hukumu ikatolewa kwa niaba ya vyote vilivyofungwa ndani. Nguo zikiwa chache ni vilevile, kwa kuwa hazigusi chuma mara kwa mara, na mashine huchukua ukimya huo kuwa ni ukavu. Dawa ya kulainishia nguo nayo huacha utando juu ya vipande hivyo, na utando huo huzuia umeme hata kama nguo zinadondosha maji. Kijitabu kinalijua hilo: kurasa za nyuma kabisa, baada ya maelezo ya rangi za taa, kimeandika kwamba vipande vifutwe. Kama jambo hilo ndilo linaloamua iwapo mashine itasema kweli, kwa nini lisiandikwe mlangoni?

Muda unaoonyeshwa kwenye kioo ni hadithi nyingine. Vipimo rasmi vinavyotumika kwa lebo za Ulaya hufanywa kwa nguo za pamba zenye maji ya asilimia 60 ya uzito wake zikiwa kavu, hivyo mzigo wa kilo 8 huingia na takriban lita 4.8 za maji. Nguo zilizokamuliwa kwa mzunguko wa kasi ndogo huingia na maji mengi zaidi ya hayo, na hapo ndipo dakika za mwisho hugoma kusogea, au hurudi nyuma bila aibu. Sioni ubaya wa mashine kukadiria. Ninachokikataa ni kadirio kuvalishwa sura ya saa.

Najua nitaambiwa nizirudishe nguo kwa muda wa kujipangia mwenyewe. Huwa nafanya hivyo, na matokeo yake ni kwamba zile zilizokwisha kukauka hupikwa mara ya pili: taulo hukakamaa, na mpira wa viuno hulegea kabla ya wakati wake.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, ni kondensa, yaani sehemu inayopoza hewa yenye unyevu ili maji yake yatoke. Mashine yangu ni ya pampu ya joto, yaani inayolitumia tena joto lake badala ya kulitupa, na sipingi sifa zake, kwa kuwa hutumia takriban nusu ya umeme wa zile zinazopasha hewa kwa koili ya umeme na haiunguzi nguo. Lakini nyuzi laini zinazoponyoka kwenye chujio hunasa katikati ya mapezi ya kondensa, yaani vibati vyake vyembamba vya chuma, hewa hupungua, na ukaushaji hurefuka. Katika mashine yangu mapezi hayo yamefungiwa ndani kwa maelezo kwamba yanajisafisha kwa maji yanayotoka kwenye nguo. Mwaka 2019, nchini Korea Kusini, malalamiko ya namna hiyohiyo dhidi ya mashine za LG yalifikia hatua ya kampuni kukubali kuhudumia bila malipo takriban mashine milioni 1.45. Mashine yangu si ya kampuni hiyo, ila imebuniwa kwa fikra ileile: mwenye nyumba asifungue, asione, aamini tu.

Wala uchafu huo wa nyuzi si suala la usumbufu peke yake. Idara ya shirikisho inayoshughulikia moto nchini Marekani ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 kulikuwa na wastani wa mioto 2,900 ya majumbani kwa mwaka iliyotokana na mashine za kukaushia nguo, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutozisafisha. Iweje basi nihimizwe kusafisha, kisha nifungiwe mahali pa kusafisha? Tangu Julai 2025, kanuni za Umoja wa Ulaya zinaziondoa mashine mpya za koili sokoni na kuacha za pampu ya joto, kwa hiyo kondensa isiyofikika itakuwa tatizo la watu wengi zaidi.

Ninachodai ni kidogo. Mashine iseme "nguo za nje zimekauka, geuza mzigo" badala ya kutangaza ushindi. Na kifuniko cha kondensa kifunguke kwa mkono bila kumwita fundi wala kupoteza dhamana. Mwenye mashine ya pampu ya joto ambayo mapezi yake anayafikia na kuyapiga brashi mwenyewe, naomba aitaje hapa pamoja na mwaka ilipotengenezwa. Wauzaji watakaokuja kunishauri ninunue kubwa zaidi, tafadhali pisheni.