Naomba ushauri: dawa ya mbwa anayeogopa radi

Habari zenu wana kikundi. Nipo Ilemela, Mwanza. Mbwa wangu jike, kilo 18, anaogopa radi kupita kiasi. Ngurumo zikianza kutokea ziwani anatetemeka, udenda unamtoka, anakwaruza mlango wa bati mpaka kucha zinavuja damu. Kumweka chumba cha ndani na kuwasha redio kunasaidia radi ikiwa mbali tu.

Duka la dawa za mifugo walinipa asepromazini, dawa ya kulegeza wanyama. Inamlegeza miguu, lakini macho yanabaki yamemtoka na anahema vilevile. Naona hofu iko palepale, na inaniuma sana.

Nasikia dawa za gabapentini na trazodoni hutuliza hofu yenyewe, ila hutolewa saa moja hadi mbili kabla ya radi kuanza. Kuna daktari wa mifugo hapa Mwanza anayeziandika? Na radi ikija ghafla usiku, mnafanyaje?