Kila Januari naanza, ikifika Machi nimeshaacha. Naombeni ushauri

Mwana Makorora (mtoa mada):
Habari za jioni wanajukwaa, shikamooni wakubwa. Nina miaka 27, niko Makorora hapa Tanga, naendesha bajaji ya hesabu stendi ya Kange. Kidato cha nne nilipata C mbili, Kiswahili na Historia, zilizobaki D na F. Miaka mitatu mfululizo naapa kubadilika: nirisiti masomo matano, nilale mapema, niweke akiba, nijifunze kompyuta, nipunguze simu. Nanunua madaftari, naanza kwa kasi, wiki ya sita kimya. Mama hasemi kitu, ila madaftari yale ameyapanga juu ya kabati, na kila nikiyaona roho inaniuma. Nyie mliofanikiwa kujiendeleza, mlishika nini?

Bi Chumbageni:
Marahaba mwanangu. Nimefundisha sekondari miaka 19, na wanaokata tamaa wengi si wavivu, wanajitwisha mizigo mitano kwa mpigo. Hebu tuhesabu. Kukaa mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea kunataka C tatu. Wewe unazo mbili, imebaki moja! D ni alama 30 hadi 44, C inaanzia 45. Kati ya hizo D, somo gani lilikuwa likikuingia? Risiti hilo tu. Usajili hufunguliwa Januari, mtihani Novemba. Kompyuta na mengine yasubiri.

Mvuvi wa Deep Sea:
Simu ilale sebuleni, wewe chumbani. Mimi usingizi ulinirudia kwa hilo tu.

Kaka wa Ngamiani:
Bi Chumbageni kasema kweli, ila mdogo wangu, utasoma saa ngapi? Hapo ndipo wengi tunapokwama. Mtu umetoka kutafuta hesabu ya bosi, umeingia nyumbani saa nne usiku, macho yamejaa vumbi, halafu ufungue daftari? Nilijaribu mwaka mzima, nikawa nalala juu ya kitabu. Nilipokuwa dereva kama wewe nikisomea umeme, kilichoniokoa ni mchana, ule muda abiria wamepungua na bajaji zimepanga foleni. Daftari moja chini ya siti, nusu saa, kila siku, hata nikiwa sina hamu. Wenzangu kijiweni walinicheka kama wiki hivi. Kisha mmoja akaanza kuniuliza, "Leo umefika wapi?" Huyo namshukuru mpaka kesho, maana siku niliyotaka kukacha niliona haya kumjibu.

Mwana Makorora:
Bi mkubwa, ni Jiografia. Sikuwahi kukaa nikahesabu kwamba imebaki C moja, nilikuwa najiona nimefeli kila kitu. Kaka, leo mchana nimemwambia jamaa yangu wa stendi, kumbe naye anaitaka Jiografia hiyohiyo, tumekubaliana kuulizana. Nimerudi nikamwomba mama daftari moja. Kayashusha yote, kayapangusa vumbi, akanichagulia lenye kurasa nyingi.