Swichi haifikiki kutoka VLAN nyingine: ni mpangilio gani unaokosekana?

Swali

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu. Ninaandaa swichi ya Cisco ya tabaka la 2 ili niisimamie nikiwa mbali, bila kulazimika kuifuata na kebo ya konsoli kila ninapotaka kubadilisha jambo. Nimeunda VLAN 99 (VLAN ni mtandao pepe uliotengwa ndani ya swichi) kwa ajili ya usimamizi pekee, nikaipa swichi anwani ya 192.168.99.2/24, na kiolesura chake kinaonekana kuwa hai. Kompyuta iliyomo ndani ya VLAN hiyo inaingia kwa Telnet (itifaki ya kuingia kwenye kifaa ukiwa mbali) bila tatizo, lakini ile ya VLAN 10 haipati jibu lolote, ingawa ruta kwenye 192.168.99.1 inaifikia vizuri. Hitilafu iko wapi?

Jibu la 1

Kwa jinsi ulivyoeleza, yaelekea ombi la VLAN 10 linafika, ila jibu ndilo linalokwama, kwa sababu swichi haijui ipitishe wapi pakiti inayotoka nje ya mtandao wake. Ingia kwenye usanidi wa jumla, uandike `ip default-gateway 192.168.99.1` ili uipe swichi lango, yaani njia ya kutokea nje ya mtandao wake, kisha ujaribu tena. Amri hiyo hufanya kazi pale tu swichi isipofanya uelekezaji, yaani kupitisha pakiti kati ya mitandao. Iwapo `ip routing` imewashwa, itapuuzwa, nawe utahitaji `ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 192.168.99.1`.

Muulizaji

Nashukuru sana. Swichi hii haifanyi uelekezaji, na amri ya kwanza imetosha.

Jibu la 2

Kabla mada haijafungwa, hiyo Telnet inanitia wasiwasi kuliko hata suala la lango. Hupitisha jina na nenosiri kwa maandishi ya wazi, hivyo anayenasa pakiti njiani atayasoma kama ulivyoyaandika. Badala yake tumia SSH, inayosimba mawasiliano: ipe swichi jina lake na la domeini, tengeneza funguo za usimbaji za RSA za biti 2048, unda mtumiaji kwa `username` pamoja na `secret`, chagua toleo la 2 la SSH, halafu kwenye `line vty 0 15` (laini za kuingilia ukiwa mbali) weka `login local` na `transport input ssh`. Wengi huishia 0 hadi 4, na laini zilizobaki huendelea na mpangilio wake wa zamani. Jaribu SSH katika dirisha la pili, la kwanza likiwa bado wazi.

Jibu la 3

Naongezea mawili. Kiolesura cha VLAN 99 huwa hai iwapo tu kuna walau poti moja iliyo hai inayobeba VLAN hiyo. Ukiisahau kwenye poti ya tranki (inayobeba VLAN kadhaa) inayokwenda kwa ruta, utajifungia nje mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya badiliko lolote la hatari ukiwa mbali, andika `reload in 10`: ukipoteza mawasiliano, swichi itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye usanidi uliohifadhiwa. Mambo yakienda sawa, toa `reload cancel`, na hapo ndipo uhifadhi kwa `copy running-config startup-config`, si kabla.